Chupa Kumi na Mbili Mvunguni

Ganda la ndimu likikunwa karibu nami, hata leo uzeeni, pua yangu haiko tena katika Nairobi hii ya maghorofa. Iko Muthangari ya zamani, katika nyumba yetu ya mabati, chini ya kitanda cha mama, mahali palipokuwa na giza, vumbi na chupa kumi na mbili zilizokuwa zikipumua. Nasema zikipumua kwa sababu nilizisikia. Mimi sikusoma sana, nilitoka shule darasa la nne, lakini masikio yangu hayajawahi kunidanganya.

Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Wambui alikuwa ameposwa, na wazee wa upande wa mume walikuwa waje Jumamosi. Kwetu, siku hiyo binti hupewa kinywaji mbele ya watu wote. Akionja na kumpa babake, amekubali kuolewa. Asipoonja, wageni wanarudi walikotoka na mbuzi wao. Kinywaji chenyewe tangu zamani ni muratina, pombe ya asali. Lakini baba alikuwa ameokoka mwaka uliotangulia, baada ya miaka mingi ya kubebwa nyumbani kama gunia, na aliapa kwamba pombe haitagusa tena midomo yake. Baba mkubwa, kaka yake, alikuja kumcheka. “Sasa binti atakupa nini, chai? Chai haiozeshi mtu! Wazee wanataka kitu kilicho hai, kinachochemka bila moto.” Niliuona mkono wa baba ukilibana goti, na hata kwa akili ya mtoto nilijua kwamba muratina ikimpita kooni siku ile, hatutampata tena.

Mama hakubishana na mtu. Alitembea hadi Ngara akarudi na kiondo cha ndimu, na chupa tupu alizonunua River Road akazisugua kwa mchanga mpaka zikalia. Alikuna maganda, akakamua, akaponda tangawizi, akachanganya na maji ya vuguvugu, sukari, na hamira ya mandazi kidogo tu, kiasi cha ncha ya kisu, ichemke bila kulevya. Akajaza, akaziba, akazisukuma mvunguni. Kazi yangu ilikuwa moja. “Asubuhi mara moja, jioni mara moja, legeza kizibo ipumue, kisha ziba. Basi.”

Nilipolegeza cha kwanza, ilitoka sauti, fsss, kama nyoka mwenye adabu, na vipovu vikapanda kutoka chini, vidogo kama mbegu za wimbi, vikifuatana bila kusukumwa. Hapakuwa na moto. Hapakuwa na mkono wa mtu. Kanisani tulifundishwa kwamba Mungu alimpulizia Adamu pumzi, nami nikaamini kabisa kwamba iliyobaki iko kwenye chupa zetu. Ningewezaje kungoja jioni? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama kutwa, siku baada ya siku, nikilegeza hiki na kile, sikio shingoni mwa chupa. Alhamisi asubuhi nikalegeza, kimya. Ya pili, kimya. Zote kumi na mbili zilikuwa maji matamu tu.

Mama alikuwa akimenya waru, yaani viazi. “Mama, zimekufa.”

“Nani kaziua?”

“Mimi. Nilikuwa nasikiliza.”

Alinitazama mpaka nikatamani anichape. “Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole,” akasema. Akaongeza kijiko cha sukari katika kila chupa, akafunga vizibo kwa nyuzi za gunia, akazifunika blanketi la baba karibu na jiko. “Usiguse. Hata zikikuita kwa jina.” Siku mbili nilikaa na mikono chini ya mapaja.

Jumamosi, nyumba ikiwa imejaa, baba mkubwa aliona chupa zikiletwa. “Maji ya ndimu! Nani ana mafua hapa?” Wazee wakacheka, baba akainamisha kichwa. Wambui akakata uzi. Kizibo kiliruka kikagonga bati, paa! Povu likamtiririka hadi kiwiko, na kicheko kikakatika. Mzee mkubwa wa wageni aliomba glasi, akaipeleka sikioni, akafumba macho. “Inaongea,” akasema. “Hii iko hai. Binti, mpe babako.” Wambui akaonja, akampa. Mkono wa baba haukumwaga hata tone. Alikunywa yote, na hadi tunamzika hakurudi kwenye pombe. Baba mkubwa aliomba glasi ya tatu bila haya.

Leo mjukuu wangu Ciku ana mashine jikoni. Anabonyeza, na kabla sijapepesa jicho maji yamejaa gesi. “Shosho, si ni rahisi?” Ni rahisi, na yanawasha ulimi vizuri. Lakini kabla sijamaliza kuinamisha sikio, hakuna tena cha kusikiliza.

Naye sasa ameposwa, na ameomba ile ya ndimu. Tangu Jumatatu chupa kumi na mbili ziko chini ya kitanda changu, na nimeonya nyumba nzima: atakayegusa atanijua. Wananiogopa, hakuna aliyegusa. Jana mchana walipotoka wote, nilipiga magoti, yenyewe yakilia, nikalegeza moja nje ya saa yake. Kisha ya pili. Leo asubuhi nimeongeza sukari.