Janti Zilizotawadha

Ijumaa iliyopita, mbele ya msikiti mmoja wa hapa Kasongo, nilimkuta bwana mmoja amechutama kando ya gari lake la jipu, akisugua janti za aluminiamu za magurudumu. Nikamshauri atumie majivu.

"Majivu ni ya sufuria, Baba! Hizi zinataka sabuni na kitambaa laini. Leo naenda kwa wakwe Kabambare, lazima wajione ndani."

Akaanza na gurudumu la kulia. Akaliosha mara tatu, akalikausha mpaka nikaona ndevu zangu ndani yake. Adhana ikalia. "Nakuja," akasema, akahamia la pili.

Alipofika la nne, mzee anayetuwekea maji ya udhu akatoka na birika mkononi. Akamtazama miguu, imejaa matope.

"Mwanangu, zote ine zimesha tawadha?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi ziingie, zisali. Weye bakia inje, ulinde viatu."

Tulipotoka, viatu vilikuwapo vyote. Mlinzi alikwisha kwenda kwa wakwe. Nami barabara ya Kabambare naijua. Udhu wa janti zile ulitenguka kwenye dimbwi la kwanza, na msikiti bado unaonekana nyuma.