Kidari cha Baba

Enzi zile sukari ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, baba yangu ndiye aliyeshika funguo za duka la kijiji, huku kwetu karibu na Kiabakari. Basi kila aliyechinja ng'ombe alimletea kidari. Kwa mila kidari ni cha wazee, na baba hakuwa na hata mvi moja. Lakini nani angemnyima mgawa sabuni? Mke wa aliyechinja alikileta mwenyewe, akapiga goti, akaulizia watoto, akaulizia mpaka kuku. Mama alikuwa anacheka pembeni: "Haya, wajomba wa sukari hao wamefika."

Kisha biashara zikafunguliwa. Sabuni ikajaa mpaka kwenye vibanda vya barabarani, duka la kijiji likafa, mama naye akatutoka. Sasa baba alikuwa na mvi kichwa kizima, na kidari hakikuja tena. Loo, binadamu!

Siku moja nilitoka Nyasho, mjini ninakoishi, kuja kumwangalia. Jirani alikuwa anapokea ng'ombe wa mahari ya binti yake, na walikuwa wamechinja. Tangu asubuhi baba alivaa koti, akaweka kiti mlangoni, akatazama njia. Hakusema anasubiri nini. Vigelegele vilitufikia, moshi ulitufikia, mtu hakutufikia.

Alasiri uvumilivu ukanishinda. Nikaenda buchani, nikanunua kidari, nikapitia mlango wa nyuma.

"Baba, jirani wameleta hiki."

Uso ukamchangamka. Niliumia kuona alivyofurahi.

"Mbona hawajafika hapa nilipo?"

"Wana wageni wengi, baba."

"Walikuwaga wanafika." Akafikiri kidogo. "Haya, nenda kawaambie nimeshukuru."

Ningefanyaje? Nikaenda mpaka kwenye uzio wao wa minyaa, nikasimama upande wa nje. Wanakula, wanacheka. Nilitaka niingie niwachambe mbele ya wakwe zao. Lakini niseme nini? Kwamba kuna mzee amevaa koti tangu asubuhi?

Niliporudi nilimkuta amehamia jikoni, anakilinda chungu.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, baba."

Kisha, taratibu, kama anayeuliza jambo dogo tu:

"Hawajaniulizia?"

Nikainamia mafiga, nikapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.