Taya la Fundi Makochi

Siku ya kwanza kuuona ulimi wake, fundi makochi alimwita nesi kwa mkono, akaufungua mdomo mbele ya kioo, akauliza kama uko sawa.

"Sawa vipi?" nesi akashangaa.

"Ni mrefu hivi? Na huu mfereji wa katikati, kila mtu anao?"

Nesi alidhani anataniwa. Kisha akayaona yale macho yaliyovimba, na bandeji zilizofunika masikio yote mawili, akajua mgonjwa hana utani. Akavuta kiti, akatoa ulimi wake mwenyewe nje kama mtoto mtundu, wakalinganisha. Mfereji ulikuwapo kote kote. Mama yake fundi, aliyekaa pembeni na kanga mapajani, alicheka mpaka akashika tumbo, halafu kicheko kikageuka kilio na mwenyewe hakujua kiligeukia wapi.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alipokuwa mdogo alipanda ukuta, akateleza, akatua kwa kidevu. Damu ikafutwa, kidonda kikashonwa, watu wakashukuru kwamba hakuna kilichovunjika. Kumbe kule juu, mbele ya masikio, pale taya linapoungana na fuvu, pameumia ndani kwa ndani. Mfupa ukapona vibaya, ukaota na kuijaza nafasi ya kiungo, mwisho ukashikana na fuvu. Mdomo ukawa unafunguka nusu, kisha robo, hadi meno ya juu na ya chini yakakutana yasiachane tena. Na taya lisilocheza halikui: uso ukakomaa, kidevu kikabaki nyuma, kidogo kama cha mtoto. Wenzake wakamwita Kufuli.

Daktari wa meno alimng'oa jino moja la pembeni ili chakula kipate pa kupita. Kuanzia hapo mama akawa mtu wa kuponda, kuchuja na kulainisha. Na alichomlainishia mtoto ndicho alichokula yeye. "Mtoto hali peke yake," alisema. Wageni walipokuja na vitu vya kutafuna, alivifunga vizuri na kuwarudishia mlangoni.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, kwenye kibanda kilichojaa mifupa ya makochi, marobota ya sponji na harufu ya gundi. Mjomba alikuwa akijaza misumari midogo mdomoni na kuitoa mmoja mmoja akipiga nyundo. Binti aliifunga yake kiunoni kwenye kikopo, na baada ya miaka michache akampita mjomba kwa kasi. Mjomba alipostaafu, kibanda kikawa chake. Wateja walimpenda. Alizungumza kwa kubana, maneno yakipenya kwenye meno kama upepo dirishani, kwa hiyo alizungumza machache, na watu wakaona ni msiri. Wakikaa kwenye kochi lililochunwa kitambaa, humwaga ya moyoni wakaondoka wepesi.

Aliyemwelewa kuliko wote alikuwa dereva wa lori la sponji, mjane, mtu mrefu mwenye tabia ya kujikuna kisogo. Huyo hakuwa na haja ya kumwambia arudie. Fundi alisema, dereva akajibu, miaka ikaenda.

Mambo yaligeuka fundi alipopata homa ya tumbo. Mtu mwingine akitapika, anatapika. Yeye matapishi yalipanda yakakuta mlango umefungwa. Mama alimgeuza kifudifudi, akampiga mgongoni, akipiga mayowe, hadi kile kijitundu cha jino kikapitisha kiasi cha kumwacha hai. Daktari wa zahanati aliyewapokea alikuwa kijana mpole, na alipomaliza kumtazama alikuwa anatokwa jasho. "Dada, safari hii umepona kwa bahati," alisema. "Nenda kwa bingwa wa upasuaji wa taya. Usingoje ya pili."

Bingwa alikuwa mama wa makamo mwenye mikono midogo na miwani iliyofungwa kamba. Alishika fuvu la plastiki, akaeleza bila haraka.

"Kwanza usingizi. Wengine bomba la hewa tunalipitisha mdomoni. Kwako hakuna mlango, kwa hiyo tutapita puani, na utakuwa macho. Tutakutia ganzi puani na kooni, kamera nyembamba ituonyeshe njia. Likishafika, ndipo utalala."

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Nitakata ngozi hapa mbele ya sikio. Panapita mshipa wa fahamu unaofumba jicho na kuinua shavu, kwa hiyo hapo nakwenda kwa kunyata. Nitaondoa bonge la mfupa, upana wa kidole hivi, kulia na kushoto. Halafu nachukua msuli wa hapa kwenye panja, siukati kabisa, naugeuza tu na kuutandika katikati, mifupa isishikane tena."

"Kama sponji kati ya mbao," fundi akasema kwa meno.

"Amesema nini?" daktari akamwuliza mama.

"Kama sponji kati ya mbao."

"Eeh, kama sponji. Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yako. Usipofanya mazoezi, litafunga, na kulifungua mara ya pili ni shida zaidi."

Wakarudi nyumbani. Mama aliogopa lile bomba. Binti, kusema kweli, hakujua anaogopa nini. Mwisho alipiga moyo konde, akajilaza kwenye kitanda cha chuma, akahisi kitu kinatambaa puani kama mdudu asiye na haraka, akasikia sauti ikisema tumefika, halafu hakusikia tena.

Alitegemea akiamka atafurahi. Furaha ilikuja kidogo, lakini ilikuja imeshikana mikono na vitu vingine, na hakujua ashike kipi aache kipi. Mdomo ulifunguka wenyewe akilala, akaamka koo limekauka. Alipopiga miayo ya kwanza alidhani taya limechomoka, akalidaka kwa mikono miwili. Aliuma ulimi wake mara kwa mara, kwa kuwa haukujua mipaka. Kupiga mswaki upande wa ndani wa meno kulimchekesha na kumtia kinyaa. Na kutafuna, jambo linalofanywa na kila mbuzi, kulimshinda: kipande cha mkate kilizunguka mdomoni kama mgeni aliyekosa mtaa, hadi akakitoa kwa kidole.

Baya zaidi ni kuongea. Maneno aliyojifunza kuyapitisha kwenye meno sasa yalikuwa na uwanja mzima, yakapotea humo. Mteja mmoja wa siku nyingi alipiga simu, akamsikiliza, akauliza, "Samahani, fundi mwenyewe yupo?" Akajibu kwamba hayupo. Alikata simu, akakaa juu ya robota la sponji, akajiuliza kwa nini amesema hivyo.

Na mazoezi. Alipewa vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Unavibana pamoja, unavipenyeza kati ya meno, unangoja, kisha unachomeka kingine katikati kwa nguvu. Machozi yalimtoka bila yeye kulia. Mama alivumilia siku za mwanzo, kisha uchungu wa mwana ukamzidi. "Leo pumzika," akasema. Kesho yake akasema tena. Binti hakubisha. Palikuwa na kitu ndani yake, hakukipa jina, kilichoona kwamba likifunga litakuwa limefunga, na kila mtu atarudi mahali pake. Mdomo uliokuwa unapitisha vidole viwili vilivyopangwa juu kwa chini ukaanza kubania kimoja. Aliona, na hakuviulizia vijiti.

Ndipo ikaja jioni ya bakuli. Mama alileta viazi vilivyopondwa na kuchujwa, laini kama rangi ya kuta, akaweka mabakuli mawili mezani. Binti alitazama lile bakuli, na kabla hajajua anafanya nini, akasikia sauti kubwa nyumbani mwao.

"Mamaaa! Nimechoka na viazi!"

Ilikuwa sauti nene, ya kifuani, sauti ya mtu anayeita mtu ng'ambo ya mto. Glasi iliyokuwa kwenye sinia ililia. Jirani aligonga mlango akauliza kuna nini, mama akamjibu hakuna kitu, mwanangu anaongea. Jirani akakaa kidogo pale nje, akaondoka.

Binti alijiziba mdomo. Hajawahi kupiga kelele maishani. Hakujua kama ameomba msamaha tayari au bado.

Mama alikuwa amekaa, kijiko mkononi. "Mimi nilichoka navyo mwaka ule ule wa kwanza," akasema taratibu.

"Si ulisema unapenda?"

"Ulitaka niseme nini?"

Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na kifuko cha karanga za kukaanga. Ilikuwa wazi kwamba kifuko hicho hakikununuliwa siku hiyo. Alitupia chache mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Binti alisikiliza ule mlio, kru, kru, kru, akamtazama mama yake kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Meno yote yale, mazima, yamekaa bure miaka yote. Alitaka kumshukuru, na papo hapo alitaka kumgombeza.

Alipomaliza karanga, mama alifuta mikono, akavichukua vijiti kwenye kabati alikokuwa ameviweka mbali na macho. "Maji tumeshayavulia nguo," akasema. "Fungua."

"Inauma, mama."

"Najua. Fungua. Ukitaka kupiga kelele piga, jirani ameshazoea."

Wakaanza upya, kijiti kwa kijiti. Siku nyingine alimtukana mama yake kwa macho. Siku nyingine walicheka vijiti vikiruka na kuanguka chini ya kochi. Taratibu mdomo ukarudi pale, ukapapita. Bingwa alipompima alipanga vidole vyake vitatu, vikaingia vikibanwa kidogo, akaridhika.

Kisha akamgeuza uso upande, akamtazama kidevu. "Sasa tukitaka, kuna hatua nyingine. Taya lako halikukua. Naweza kuukata mfupa kila upande, nikafunga kifaa cha chuma, kikauvuta mbele kidogo kidogo kila siku. Pale palipoachana mfupa mpya unaota. Utapumua vizuri ukilala, na sura itabadilika."

"Ibadilike iwe ya nani?" fundi akauliza.

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha kucheka. "Iwe yako, ila yenye kidevu."

"Ni lazima?"

"Kama huzibwi pumzi usingizini, si lazima. Ni juu yako."

Ni juu yako. Aliondoka na neno hilo akaligeuza njia nzima. Kwa mdomo hakukuwa na la kuchagua. Ilikuwa kufa au kupona. Hili lilikuwa la kutaka tu, na kutaka hakuwa na uzoefu nako. Mama alimwuliza, "Wewe unataka nini?" Akajibu, "Sijui." Kila alipojitazama kwenye kioo cha kibandani alikuta sura ambayo leo anaionea huruma, kesho anaiona ndiyo yake na isiguswe. Mpaka leo hajakubali wala hajakataa. Bingwa amemwambia mfupa wa mtu mzima unaweza kungoja.

Kibandani wateja walirudi, ingawa si wote. Wale waliokuja kumwaga siri walipata taabu, maana fundi sasa alijibu. Mmoja alieleza namna mumewe anavyomtesa, akasikia, "Na wewe mbona unamtukania mama yake?" Akainuka na mto wake nusu umeshonwa. Fundi akabaki ameshika sindano, hajui kama amekosa au amesaidia.

Dereva wa sponji alikuja kama kawaida, akashusha marobota, akajikuna kisogo. Alikuwa amepungua maneno tangu upasuaji.

"Una nini siku hizi?" fundi akamwuliza. "Husikii ninavyosema?"

"Nasikia. Nasikia yote. Ndiyo tabu." Akatazama chini. "Nikuambie ukweli? Zamani nilikuwa nashika nusu. Nusu nyingine nakisia."

Fundi aliweka nyundo chini. "Miaka yote hiyo?"

"Ungekuwa wewe ungeuliza kila mara? Nilikuona unachoka kurudia kwa watu."

"Basi tulikuwa tunazungumza nini?"

"Sijui," dereva akasema. "Mimi nilikuwa nafurahi tu."

Fundi alirudi nyuma kwa mawazo, akapekua. Likamjia moja. "Siku ile mvua ilipokuzuia hapa. Nilikuambia kitu. Nilikaa wiki nzima nikikitunga. Ukanijibu sponji zitakuja Jumatatu."

Dereva akakunja uso. "Ulisema nini?"

Angeweza kumwambia hakumbuki. Badala yake alivuta pumzi, akatamka kila neno, "t" na "s" zikiwa zimekaa sawa: "Nilisema, ukinioa sitakataa."

Dereva alimwomba arudie, ingawa alikuwa amesikia. Akarudia. Yule mtu mrefu akatoka, akapanda lori, akakaa mbele ya usukani bila kuwasha. Ulipita muda wa kutosha fundi kupigilia mkono mzima wa kochi kwa misumari iliyopinda. Kisha akarudi, akasimama mlangoni.

"Na sasa," akauliza, "neno lile bado lipo?"

"Sijui," fundi akamjibu, na alisema kweli. "Yule aliyesema siku ile alikuwa na mambo yake. Mimi bado najifunza kula mkate."

"Basi nitakuja kuuliza tena."

"Njoo. Ila ukija, usikisie."

Dereva alikubali. Siku hizi akishusha mzigo hakimbilii kuondoka. Hukaa juu ya robota, wakaulizana hadi wanaelewana, mara nyingine wakagombana, kwani imeonekana kuna mambo kadhaa ambayo hawakuwahi kukubaliana hata kidogo. Mama akisikia sauti ya binti yake inavuma hadi barabarani huuliza usiku wamefikia wapi. Binti humwambia hajui. Mama humpa karanga, na wanatafuna.