Saba Mara Nane na Katoni ya Mwalimu Kilonzo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata harufu ya ile katoni bado ninayo puani. Ilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia, imekatwa, ikatobolewa, ikatiwa kamba, na juu yake Mwalimu Kilonzo ameandika kwa herufi kubwa: KICHWA MAJI. Alinivisha shingoni mbele ya darasa la nne, kisha akanitembeza darasa hadi darasa, pale Kawangware, watoto wakigonga madawati na kuniimbia, "Saba mara nane! Saba mara nane!" Tulipoingia darasa la kwanza nikamwona ndugu yangu mdogo ameinama chini ya dawati, asijulikane kuwa ni wangu. Hapo ndipo shule iliponiishia. Sikurudi tena.

Leo umeingia unavua viatu, ukaniuliza, "Mathe, si tuko na maka pen mahali?"

"Ya nini?"

"Ya kuandikia hii kadibodi. Headmaster amesema wenye wanachelewa kujibu tebo za kuzidisha wavalishwe. Ati inawaamsha."

"Headmaster gani?"

"Si huyo mzee wetu wa shule ya Kianda, Kilonzo."

Ukaniona nimeweka sufuria chini, ukadhani imenichoma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, Mwende. Wewe ndiyo kwanza umepata darasa lako la kufundisha. Kaa chini nikwambie.

Sikuwa mjinga. Shule yetu ilisifika kwa kuimba. Akina mama wakipita na mitungi ya maji walisimama kusikiliza, wakasema, "Hiyo ndiyo shule! Sikia vile watoto wanasoma!" Kilonzo alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi yote tuliimba tebo, kutoka juu mpaka chini, na sauti yangu ilikuwa ya mbele. Lakini wimbo una mlango mmoja tu wa kuingilia. Ukiniuliza saba mara nane ilinibidi nianze na saba mara moja, midomo ikicheza, hadi nifike. Siku ile nikiwa katikati ya safari, darasa la nyuma ya mabati wakaanza tebo ya sita kwa kelele. Wimbo wao ukaubeba wangu. Nikasema arobaini na nane.

"Kila asubuhi unaimba," Kilonzo akasema, "kumbe unatuchezea?" Akaiendea katoni.

Na usidhani hapakuwa na njia nyingine. Kabla Kilonzo hajalichukua darasa letu tulikuwa na Mwalimu Nekesa, mama mmoja wa kutoka magharibi, mpole lakini hachezewi. Kila asubuhi alianza na maswali machache tu, mapya mawili matatu akiyachanganya na ya zamani, bila mpangilio, hujui lipi linakuja. Kisha tunakaa wawili wawili, huyu anauliza, huyu anajibu, tunabadilishana. Ukikosea nne mara sita hakufoki. Anasema, "Mbili mara sita unaijua?" Unasema kumi na mbili. "Basi nne ni hizo mbili na mbili nyingine. Haya." Na jibu linakuja lenyewe. Lile swali lililokushinda atalirudisha kabla ya kwenda nje, na kesho, na wiki ijayo, hadi lichoke kukukimbia. Siku moja nilikuwa nahesabu vidole chini ya dawati, akanishika mkono. "Binti, vidole si wezi, mbona unavificha? Vitumie leo. Siku moja vitakuacha vyenyewe."

Hatukuwa tumefika tebo ya saba alipofukuzwa. Wazazi walilalamika, na nyanya yako akiwa mbele: "Hawa watoto wananong'ona tu, wanasoma saa ngapi?" Nekesa akamjibu mkutanoni, "Mama, hata kasuku anaimba. Mwulize ya katikati." Watu wakacheka, lakini Kilonzo, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, hakucheka. Wiki haikuisha, Nekesa hayuko, na Kilonzo ndiye mwalimu wetu. Mama yangu nilimsamehe, yeye hakuwahi kukaa darasani. Kilonzo alisomea ualimu. Alijua.

Hata leo mtu akinishtua na hesabu, midomo yangu inaanza kuimba toka mwanzo, na wewe huwa unanicheka.

Basi sikia. Haba na haba hujaza kibaba: wape watoto kidogo, lakini kila siku, na ya jana usiyaache yalale. Kuimba waimbe, sikatai, ila ukimaliza wimbo waulize ya katikati. Akikosea, msahihishe hapo hapo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imefunguka. Hiyo simu unayotaka kuwahesabia sekunde wakijibu iache mfukoni mpaka wawe wameyajua. Mtoto mwenye hofu hawazi jibu, anawaza katoni. Na mwepesi usimweke juu ya mzito amcheke. Waweke pamoja waulizane, kidole kimoja hakivunji chawa.

Unaniambia, "Mathe, nitafutwa kazi." Labda. Nekesa alifutwa, na ni yeye ninayemwombea hadi leo. Mungu akupe subira yake, mwanangu, na watoto wako wakikutana nawe uzeeni wavuke barabara kuja kukusalimia.

Lakini hiyo kadibodi usiiandike. Nipe mimi. Asubuhi nitapita mtaa wa Ayany niingie shuleni kwenu Kianda, nisimame kwenye gwaride mbele ya walimu na wazazi, nimeivaa shingoni, na maneno yale yale nimeyaandika mwenyewe, nimwambie hivi:

Mwalimu Kilonzo, ni hamsini na sita. Mimi nimejibu. Sasa jibu wewe, mbele ya watoto hawa: ile katoni ilinifundisha nini? Na mbona bado unaikata?