Mlango wa Chuma wa Tororo

Juzi niliingia benki pale Busia, mlango ukajifunga nyuma yangu kwa kishindo, nikaruka na kugeuka. Mlinzi akacheka. Angejua, ndugu yangu, asingecheka.

Benki ile niliijua ikiwa meza tu kwenye baraza la duka mjini Tororo, enzi za Mwingereza, ikifunguliwa msimu wa pamba. Baadaye ikapata nyumba ya mawe na mlango wa chuma. Kwetu Paya tuliambiana kwamba nyuma ya mlango ule wanakaa mumiani, wanyonya damu. Hata watu wazima walivuka barabara wasipite karibu.

Nyanya alikuwa mjane, na fedha zake za pamba alizifukia jikoni kwenye chungu. Mchana mmoja, tukimenya viazi, shemeji yake alikuja na jembe. "Mali ya kaka yangu ni yangu," akasema, akaanza kuchimba sakafu ya chumbani. Nyanya akaingia jikoni. Alifukua chungu kimyakimya, akafunga fedha kiunoni, akanivuta tukapenya kwenye mtama hadi barabarani. Tulipokaribia mjini nikamsikia shemeji anatuita kwa matusi, yuko nyuma yetu.

Mlangoni pa benki niling'ang'ania nguzo. "Nyanya, mumiani!"

"Mumiani ya ndani sijaona," akasema akihema. "Ya nje najua."

Tukaingia. Palinuka mafuta ya taa na mbao mpya. Karani akachukua dole gumba la nyanya, akalichovya kwenye wino mwekundu. Nikadhani ni damu, nikajikojolea. Nje, shemeji alipiga mlango kwa ngumi: "Mtoeni! Fedha ni zangu!"

Karani akainua macho. "Mama, pamba alilima nani?"

"Mimi. Na mkono hii."

Akaendelea kuandika. Mkono huo ulikuwa umenishika, ukitetemeka kuliko wangu. Ndipo nikajua kwamba nyanya naye aliamini kwamba mumiani wapo.

Askari walimfukuza shemeji, wala hakurudi kuchimba. Ila wanawake wa vijiji jirani, Kiyeyi na Petta, walikuja nyumbani, wakambonyeza nyanya mikono waone kama damu ingalimo. "Kweli umetoka mzima?" Kisha wakaanza kwenda wenyewe, wawili wawili, wameshikana. Benki ikanenepa, ikavuka mpaka, ikajenga huku na huku, hata pale Busia.

Wale wote wamekwisha kutangulia. Siku hizi watu huingia peke yao, wala hawageuki kutazama nyuma.