Wimbo Uliosimamishwa Macalder

Mjukuu wangu anaandika, mimi ninasema. Sikusoma, kalamu ni yake, maneno ni yangu, na nimemwonya asipunguze wala asiongeze. Tangu Jumamosi alikuwa hasemi nami. Wewe unayesoma, rafiki yangu, utatuamua.

Jumamosi hiyo nilipelekwa Homa Bay, katika ukumbi wa viti vya plastiki, kutazama mchezo wa kuigiza ambao karibu maneno yake yote huimbwa. Sehemu kubwa, ya bibi harusi, alipewa msichana ambaye sura yake inajulikana kwenye simu. Huyu wangu alipewa sehemu ya jirani, na wimbo mmoja tu. Alipokuwa katikati ya wimbo huo nilisimama, nikaenda mbele na fimbo yangu, nikaweka noti ya shilingi mia jukwaani na kuwaamuru wapiga vinanda wanyamaze. Walinyamaza. Nikajitaja, nikamtaja mjukuu wangu, nikasema kwamba sauti ya bibi harusi iko kwa jirani, kisha nikawaruhusu waendelee. Watu waliniangalia kana kwamba nimeingia ukumbini na ng'ombe.

Tulipotoka, vijana walikuwa wamesimama mlangoni wakibishana huku wameinamia simu zao: nani alistahili sehemu gani, tiketi ziliuzwa na sura au na sauti, mchezo utafika Migori au utafia hapo hapo. Mjukuu wangu hakubishana. Aliniambia neno moja tu, "Dani, umeniaibisha." Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya.

Leo asubuhi ameniuliza kwa nini nilifanya vile. Nimemwambia alete daftari.

Nilikulia Macalder, wakati mgodi wa dhahabu ulikuwa ungali unanguruma. Mashine ya kusaga mawe ilituamsha kabla ya jogoo, na siku iliponyamaza tulishindwa kulala vizuri. Nyanya yangu aliosha mchanga mtoni, akitafuta chembe za dhahabu katika karai, nami kazi yangu ilikuwa kumletea mchanga na kufukuza kuku waliotaka omena, dagaa wa ziwani, tuliyoanika juu ya jiwe. Mchana tulikunywa uji wa wimbi uliopoa, wenye ladha ya moshi. Nyanya alikuwa mkali. Aliimba akiwa ameinama, na alipogundua kwamba unamsikiliza, alinyamaza.

Fundi cherehani wa pale, aliyeshona kaptura za wachimbaji, alikuwa na mchezo wake wa nyimbo. Kila mwaka, baada ya mavuno ya wimbi, alitundika pazia la magunia yaliyopakwa udongo mwekundu katika ua wa duka lake. Mchezo uliimbwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mgodini tulikuwa Wajaluo, Wakuria na Waluhya, na hakuna aliyetaka kuachwa nje. Ulisimulia habari za kijana aliyepata dhahabu, akarudi kwao na viatu vipya, akapita mlangoni kwa mama yake bila kumsalimu. Mama huyo ndiye aliyekuwa na wimbo mkubwa, na kila mwaka uliimbwa na mke wa mwalimu.

Kule mtoni wanawake walizungumza juu ya mchezo huo kuliko walivyozungumza juu ya dhahabu. "Mama wa mchimba gani ana kucha safi hivyo?" mmoja aliuliza. Mwenzake akamjibu, "Wewe ulienda kusikia sauti au kukagua kucha?" Waliendelea hivyo mpaka maji yakachafuka na Nyanya akawafukuza.

Mwaka mmoja fundi alijaribu bahati yake mbali. Aliupeleka mchezo Ogwedhi siku ya mnada wa mifugo, na watu wakampa mgongo wakatazama madume. Alirudi na pazia begani. Alitangaza kwamba atacheza Macalder mara moja tena, na ua usipojaa, pazia atalikata liwe kaptura. Sisi watoto tulipokea habari hiyo kana kwamba tumeambiwa mwaka huo hakutakuwa na Krismasi.

Siku ilipofika, ua ulikuwa nusu. Nyanya alikuja moja kwa moja kutoka mtoni, akakaa nyuma na karai lake mapajani. Orutu, zeze letu la uzi mmoja, likalia, na mke wa mwalimu akaanza wimbo wa mama. Hakufika mbali. Jirani yetu, mchimba dhahabu mwenye kifua kipana, alikwenda mbele akatumbukiza sarafu katika kapu lililokuwa mbele ya wapigaji.

Hapa nieleze. Kwetu kuna desturi iitwayo pakruok. Aliyependezwa au aliyeudhika na wimbo huweka kitu mbele ya wapigaji, na wimbo husimama. Hujisifu, husema lililo moyoni, kisha huruhusu wimbo uendelee. Lakini hiyo ni desturi ya ngoma na ya nyatiti, kinubi chetu. Katika mchezo wa fundi hakuna aliyewahi kuifanya.

"Mimi," alisema jirani, "mwana wa Nyatike, mla kichwa cha kamongo nisiyemgawia mtu. Mama huyu anaimba vizuri, lakini hajawahi kuinama mtoni. Sehemu hii mpeni yule aliyekaa na karai." Akamwonyesha Nyanya kwa kidole.

Fundi alishika kichwa. Kabla hajasema neno, mwanamke wa Kikuria, aliyejifunza desturi yetu papo hapo, aliweka mayai matatu. "Mimi, binti wa watu wa ng'ombe, nisiyeogopa mla samaki. Nilikuja kusikia sauti. Endelea, mke wa mwalimu."

Wimbo uliendelea mistari miwili, ukasimamishwa tena. Ziliingia sarafu, akaingia kuku aliyefungwa miguu, wakaingia samaki. Waliopita barabarani walisikia ugomvi wakaja kuuliza, na aliyeuliza alichagua upande. Ua ulijaa, watu wakaning'inia kwenye uzio. Nikamwona fundi akiacha kushika kichwa na kuanza kulisukuma kapu mbele kwa mguu, taratibu, kama mtu asiyehusika.

Ndipo mke wa mwalimu alipofungua pindo la leso yake, akatoa sarafu, akausimamisha wimbo wake mwenyewe.

"Mimi," alisema, "mwenye kucha mnazozikagua tangu mwaka juzi. Nimechoka kubishaniwa. Mama, njoo unionyeshe."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Nyanya aliniambia, "Shika karai." Alikwenda mbele, akainama kama alivyoinama mtoni, akaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, na mke wa mwalimu akasimama nyuma yake akimwitikia. Nililikumbatia karai lile likanilowesha tumbo zima. Kapu lilikuwa pale pale, na hakuna aliyelisogelea, kwa kuwa hakuna aliyetaka wimbo usimame. Kijana mwenye viatu vipya, aliyepaswa kupita kwa maringo, alishindwa kupita. Aliketi chini miguuni pa Nyanya, mchezo ukaisha kabla ya wakati wake, na hakuna aliyelalamika.

Pazia halikukatwa. Kwa miaka kadhaa mchezo ule ulikuwa na mama wawili. Kisha mgodi ulifungwa, mashine ikanyamaza moja kwa moja, na fundi akahamia Magunga na cherehani yake. Pazia sijui liliishia wapi. Siku hizi watu hunyamaza ukumbini, wakatoka, wakayaandika ya moyoni kwenye simu, na mwimbaji huyasoma akiwa peke yake. Mimi nauita huo woga. Sisi tulimwambia mtu machoni pake, tena kwa kulipia.

Hapa mjukuu wangu ameweka kalamu chini. Nimemuuliza ni nani aliyemruhusu. Ametoa sarafu ya shilingi kumi, ameiweka mezani mbele yangu, na kusimama wima.

"Mimi," akasema, "mjukuu wa mwenye fimbo, niliyeimba jirani Homa Bay. Nasimamisha haya maneno. Dani, imba."

Nilimwambia kwamba mimi siamrishwi. Sarafu hakuichukua. Basi niliimba ubeti wa kwanza wa wimbo ule wa mama, ambao ndio pekee ninaoukumbuka, nikamfundisha kiitikio, naye akaitika kwa sauti ile niliyoisema ukumbini. Haya ameyaandika baadaye, kwa amri yangu. Shilingi zake kumi sijamrudishia, wala sitamrudishia.