Kitambaa cha Leiser

Katika vijiji vyetu hivi vya Alsace, ni nadra kukuta gombo la Torati lisilofungwa kwa kazi ya mkono wa Bi Breinle, mtarizi. Mtoto wa kiume akitahiriwa, kitambaa alichovishwa siku hiyo hupelekwa kwa mama huyo. Hukifua, hukikata vipande vinne, hukiunga kiwe kirefu kama mshipi, kisha hutarizi jina la mtoto na dua ileile: akue, afikie Torati, ndoa na matendo mema. Mtoto akitimiza miaka mitatu hukibeba mwenyewe hadi sinagogi, na gombo hufungwa nacho.

Lakini cha Leiser, mwanawe Breinle mwenyewe, kilibaki sandukuni. Ugonjwa wa dondakoo ulimchukua akiwa na miaka miwili na nusu, na desturi haina huruma: kitambaa huletwa na mtoto kwa miguu yake. Kwa miaka thelathini na mmoja Breinle alimwomba Hirtz, mtunza sinagogi, akipokee. Kila mara Hirtz alikataa.

Mwaka huu Hirtz alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Paa lilikuwa limevuja. Gombo moja liliharibika, herufi zikafutika, na gombo lisilosomeka huzikwa makaburini kama mtu.

"Kitambaa chake kimeoza, na haliwezi kwenda uchi," alisema. "Nimezunguka nyumba zote. Nani atatoa kitambaa cha mwanawe kiingie kaburini? Wananitimua kama mwizi wa kuku."

"Ndipo ukanikumbuka mimi."

"Bi Breinle, usinifanye niseme."

"Sema. Nimekungoja miaka yote hii."

"Tunaomba cha Leiser."

Breinle alishikwa na hasira. Alimwacha mlangoni kitambo kizima, kisha akakileta. Hirtz alikikunjua mezani, akafuata maneno kwa kidole.

"Baada ya ndoa hakuna kitu."

"Homa ilimwanza nikiwa hapo."

"Basi malizia, nitasubiri."

"Hapana. Yeye alikwenda hivyohivyo. Lakini gombo mtalizika kando yake, na nitalifunga mimi."

Jumapili asubuhi walikwenda makaburini, penye kilima. Breinle alilifunga gombo polepole, raundi kwa raundi, jina likaja juu. Hirtz akanyoosha mikono alipokee. Breinle alikuwa amelipakata, na uzito wake ulikuwa uleule wa mtoto wa miaka miwili na nusu. Ilibidi Hirtz amwombe mara tatu.